Uvimbe Hauna Maneno

Mimi ni Mgogo na nimeolewa Tabora. Asiyejua uzito wa sentensi hiyo nitamweleza. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakipita kwetu na pembe za ndovu za Waarabu mabegani kuelekea pwani, na babu zetu wakiwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, na kuwauzia maji ya visimani. Mpaka leo Mnyamwezi akiniona huniuliza kama siku hizi maji kwetu ni ya bure, nami humuuliza kama mzigo wa Mwarabu ameshautua. Mtani anaweza kuingia kwako, akakamata kuku, akakutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Nilipoolewa niliona nimepata bahati. Wanawake wengine wakiingia ukweni hufunga mdomo. Mimi nilipewa ruhusa ya kuufungua. Sikujua kwamba ruhusa ile ni chumba, na kwamba chumba hicho kinaweza kufungwa kwa nje.

Kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu iko barazani kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Yeye huuza ndani, sisi mafundi tunashona nje. Nina daftari la vipimo, na kila mteja ana ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, unene wa mkono. Ukurasa wa mwisho ni wangu mwenyewe, maana kila mwaka kabla ya sikukuu hujishonea gauni moja. Mama aliyenifundisha kazi alikuwa akisema fundi asiyejipima huishia kuvaa nguo ya mtu mwingine. Nilikuwa nikijipima kwa mazoea tu, kama mtu anavyosali akiwa na usingizi.

Sikumbuki siku yenyewe mambo yalipoanza. Nakumbuka usingizi ulinikimbia. Kisha uso wangu ukaanza kuwa mviringo, mashavu yakajaa, na mtaani kwetu Ipuli watu wakaanza kunipongeza. Umenawiri! Tabora imekukubali! Mume wangu ni dereva wa lori la mchele, siku nyingi yuko Igunga au njiani, na wenzake walimpiga mgongoni wakimwambia hongera, unamtunza. Naye alifurahi, maskini. Uso wa mke ukijaa, sifa ni za mume.

Halafu zikaja hasira. Nimekuwa mkali tangu utotoni, sikatai. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Lakini hasira ya kawaida unaiona inakuja, unaweza kuifungulia mlango au kuifukuza. Hizi nilikuwa nazikuta zimeshakaa kifuani, zinanisubiri nitafute sababu. Mteja mmoja alirudi na gauni akasema pindo limeenda upande. Lilikuwa limeenda upande kweli. Nikalichukua mkononi mwake, nikalikata vipande viwili kwa mkasi mbele ya macho yake. Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. "Mama, usimjali huyo," mmoja akamwambia. "Mgogo huyo, mtani wako." Na yule mama Mnyamwezi akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamshonea gauni jingine kwa kitambaa changu, na barazani wakalisimulia jambo hilo mwezi mzima kama utani bora wa mwaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimeingia wapi. Nilipiga kelele, wakacheka. Nilimwambia mzee wa duka kwamba cherehani zake zinaunguruma makusudi ili zinitie wazimu, akacheka na kuniagizia chai. Ningelia, wangecheka, kwa sababu mtani akilia ndiyo kafika kilele. Mwanamke mwingine yeyote wa mtaa wetu angefanya nusu ya yale niliyofanya, angeshapelekwa kwa shehe au kwa mchungaji, au angalau angeulizwa, "Dada, una nini?" Mimi sikuulizwa.

Mama mkwe wangu anaishi Ntalikwa, analima karanga na mahindi, na ni mwanamke mwenye macho makali. Yeye aliona kitu, ila alikisoma vibaya. Aliniona uso umejaa, tumbo limetokeza, siku zangu za mwezi zimekatika, na nimekuwa mkorofi kuliko kawaida. Akanishika kidevu akanigeuza huku na huku. "Mkamwana," akasema, "hiyo ni mimba ya mtoto wa kiume. Ndiye anayekugombanisha na watu." Nilikuwa na binti mmoja tu, wa miaka tisa, na habari ya mtoto wa kiume ilikuwa inasubiriwa nyumba nzima. Nikaenda kupima, sina mimba. Nikamwambia. Akasema vipimo vya siku hizi havijui mambo. Akaniletea chupa ya asali na mfuko wa karanga, akaendelea kusubiri. Tukasubiri miezi sita mtoto ambaye hakuwepo, na kila nilipokataa, ilikuwa ni hasira ya mimba.

Kituo cha afya waliniambia shinikizo la damu liko juu. Nikapewa vidonge na nasaha: punguza chumvi, punguza mawazo. Kana kwamba mawazo nayo nilikuwa nayachota kwa kijiko.

Sasa nifike kwenye lile ninaloogopa kulifikia. Baba mdogo wa mume wangu alifariki, tukaenda Ntalikwa kwenye matanga. Kwenye msiba mtani ana kazi. Huvaa koti la marehemu akaiga mwendo wake, akazuia mlango akidai asipopewa kitu hakuna atakayepita, akawatukana waliofiwa mpaka wakacheka katikati ya machozi. Ni kazi nzuri, na niliwahi kuifanya vizuri. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama, na nilikuwa siwezi kusimama bila kushika ukuta, maana mapaja yalikuwa yamekwisha nguvu. Wakaniona ninavyohangaika kuinuka, wakasema mtoto amekuwa mzito.

Mama mkwe akanigeukia, macho mekundu ya kilio. "Mgogo wetu, mbona umekaa? Marehemu anakusubiri umtanie."

Nikashika ukuta, nikasimama. "Leo sitanii," nikasema.

Wakaanza kucheka. Ndivyo mtani anavyoanza.

"Nimesema sitanii! Nyumba hii itaniua. Sijalala, sijui nina nini, kila siku nasema na hakuna hata mmoja anayenisikia. Mmenifanya ngoma yenu ya matanga!"

Kicheko kikapanda. Mtu akanirushia sarafu miguuni. Nikawaambia waache, nikawaambia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na kadiri nilivyopaza ndivyo walivyofurahi. Waliofiwa walikuwa wanafuta machozi, wanashikana mabega. Kulikuwa na sufuria kubwa la wali karibu na mafiga. Nikalisukuma kwa mguu, likapinduka, wali wote ukamwagika vumbini. "Jamani!" akapiga kelele mmoja. "Kwao njaa, huku anamwaga!" Wakafa kwa kicheko. Nilikuwa nimesimama katikati yao kama mtu aliyezama, anapunga mkono, na walioko ukingoni wanampungia pia.

Mtu mmoja tu hakucheka. Binti yangu alitoka kwa wenzake, akaja, akanishika mkono. "Mama," akasema polepole, "twende nyumbani."

Nikampiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu zote nilizokuwa nimebakiza, na wakati amejishika shavu ananitazama nikamwambia, "Ni wewe uliyenifunga hapa. Bila wewe ningekuwa nimeshaondoka zamani."

Kicheko kikakatika. Utani una mipaka, na mpaka mmoja ni mtoto. Haumgusi mtoto. Walinitazama kama walioniona sasa hivi tu. Mama mkwe akainuka, akamchukua binti yangu, akamweka nyuma ya kanga yake. "Mtoto atabaki hapa," akasema. "Wewe nenda ukapumzike. Ukishajifungua tutazungumza."

Sikubisha. Watu wamenishangaa kwa hilo baadaye, mimi niliyekuwa nabishana na kila kitu. Nilikuwa nautazama mkono wangu wa kulia na sikuwa na hakika nao. Nikaondoka bila mtoto.

Nyumba yetu ya Ipuli ni vyumba viwili na ua. Miezi hiyo niliijua kama mfungwa anavyoijua seli. Mume wangu alikuja na kuondoka. Hakunigombeza hata siku moja, na nilimchukia kwa hilo. "Pumzika, mama," alikuwa akisema, kisha anatoka kwenda kukagua matairi ambayo ameyakagua asubuhi. Nilimwambia, "Kuna kitu ndani yangu." Akasema, "Ni uchovu tu." Nilitaka mtu mmoja aniogope kiasi cha kunipeleka mahali. Aliyeniogopa alikuwa na miaka tisa, na yuko Ntalikwa.

Nikaamua nikamchukue. Nikasema nitakwenda nikiwa nimejistahi, gauni jipya la kitenge, nimpigie mama mkwe magoti kama ikibidi. Nikanunua kitenge kwa mzee, nikafungua daftari ukurasa wa mwisho, nikakata kwa vipimo vya mwaka uliopita. Sikujipima upya, kwa uvivu. Tena nadhani niliogopa. Nilipolivaa nyuma ya duka, kiuno kilikataa kabisa kufunga zipu. Hilo nililitarajia. Lakini mikono ya gauni ilikuwa inaning'inia, mipana, kama nimeazima kwa mtu.

Nikakaa chini nikachukua tepu. Kiuno kilikuwa kimeongezeka zaidi ya shubiri. Nikapima mkono wa juu, nikaona nimekosea, nikapima tena, kisha nikamwita fundi mwenzangu anipimie. Ulikuwa umepungua kwa vidole vitatu. Sasa mimi nimepima watu wa kila aina, wembamba, wanene, wajawazito, mabibi harusi wanaojishindisha njaa, na nitakuambia jambo ambalo fundi yeyote analijua: mtu akinenepa, hunenepa na mikono yake. Sijawahi kuandika kiuno kinachopanda na mkono unaoshuka kwenye ukurasa mmoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikiona siku hiyo tu, kwa namba nilizoandika kwa mkono wangu. Nikalikunja gauni, nikachukua daftari, nikaenda hospitali moja kwa moja, na nimevaa kanga ya nyumbani.

Daktari aliyenipokea alikuwa binti mdogo, ningeweza kumwita mwanangu. Nilianza kwa ukali, nikamwambia sikuja kwa vidonge vya shinikizo wala sikuja kupunguziwa mawazo. Nikamwekea daftari mezani. Watu wengine wangecheka. Yeye alivuta kiti, akasoma vipimo vyangu vya miaka minne, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Kisha akaomba kuona tumbo. Nilikuwa na michirizi ya zambarau, minene kama vidole, nayo nilikuwa naificha hata mume wangu asiione. Akaniuliza kama napata michubuko bila kugongwa. Akaniuliza kuhusu usingizi. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho kwenye karatasi yake, "Na hasira, mama? Zimebadilika?"

Nikalia. Nililia kilio kirefu na kibaya, na hakuna aliyecheka.

Vipimo vikafuatana, vya damu, vya mkojo, na mwisho ile mashine kubwa ya duara unayoingizwa ukiwa umelala. Juu ya kila figo, alinieleza, kuna tezi ndogo. Moja ya kazi zake ni kutoa homoni iitwayo kotisoli, inayouamsha mwili kukiwa na hatari au tabu. Kwenye tezi yangu moja kulikuwa na uvimbe, si saratani, mdogo kuliko limau, na uvimbe huo ulikuwa unaimwaga homoni hiyo mchana na usiku bila kuagizwa na mtu. Alikuwa Msukuma, akanieleza kwa lugha ya huku. "Unaujua mwano?" Naujua, ni lile yowe la kuwaita sungusungu, walinzi wa kijiji, wezi wa ng'ombe wakiingia, kijiji kizima kinatoka na marungu. "Basi mwili wako umepigiwa mwano miaka miwili, na mwizi hayupo. Ndiyo maana huwezi kulala. Ndiyo maana kila anayekusogelea unamwona adui."

Nikafurahi. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nikamwambia habari ya kofi, na yale maneno. "Kwa hiyo si mimi," nikasema. "Ni uvimbe uliosema."

 Alikuwa na umri mdogo lakini hakuwa mwoga. "Mama, sitakudanganya. Homoni hii inaweza kumfanya mtu awe mkali, alie ovyo, akose subira, hata achanganyikiwe. Mkono ule usingeinuka kirahisi hivyo kama ungekuwa mzima. Lakini uvimbe hauna maneno. Unatoa homoni tu. Maneno unayatoa pale ulipoyaweka."

Nilimkasirikia njia nzima. Nilimkasirikia kwa sababu nilijua nilipoyaweka. Kabla ya uso kujaa, kabla ya lolote, nilikuwa nimewahi kukaa uani peke yangu nikawaza kurudi Dodoma, mume yuko barabarani siku zote na mimi nimebaki na ukoo unaonicheka, na nikajiambia siwezi kwa sababu ya mtoto. Nililiwaza mara moja, labda mara mbili, nikalikunja nikaliweka. Kila mama ana kitu amekikunja hivyo.

Upasuaji nilikwenda kufanyiwa Dodoma, yaani kwetu. Basi lilishika njia ile ile ya misafara, Itigi, Manyoni, na mimi nilikuwa mzigo. Wakwe zangu walikuja stendi kunisindikiza, karibu wote, na hakuna aliyesema tunamrudisha Mgogo kwao, wala aliyeniagiza maji. Nilijua nina ugonjwa mkubwa nilipowaona Wanyamwezi wamenyamaza. Binti yangu hakuletwa. Waliniambia yuko shule.

Walinipasua ubavuni, wakautoa pamoja na tezi yake. Nilidhani nitaamka mtu mpya. Niliamka kama gunia lililomwagwa mchele. Tezi ya upande wa pili ilikuwa imelala muda wote huo mwenzake alipokuwa anafanya fujo, na ingechukua miezi kuamka, kwa hiyo nikapewa vidonge vya homoni ile ile, nivimeze asubuhi na mchana, nisivikatize kamwe. Viungo viliuma. Nilikosa hata hasira ya kumfukuza inzi. Uso ukaanza kupungua, polepole, na kila aliyenitazama Ipuli akasema, kwa huruma safari hii, umekonda jamani.

Mume wangu alieneza habari kwa furaha ya mtu aliyeondolewa lawama. Ilikuwa uvimbe! Kwa ndugu, kwa madereva, kwa mzee wa duka. Nilisamehewa kila kitu kwa siku moja, gauni lililokatwa, wali uliomwagwa, kofi. Na utani ukaisha. Watu walioniita majina miaka kumi wakaanza kuniuliza taratibu, "Unaendeleaje, mama?" Hata maji waliyouziwa babu zao waliyasahau. Sikujua kama ningeutamani ule utani, lakini niliutamani.

Kisha nikagundua nimehamishwa chumba tu. Siku moja mume wangu aliniambia, huku anavua viatu, kwamba amekubaliana na mama yake binti yetu ahamishiwe shule ya Ntalikwa moja kwa moja, mpaka nitakapopata nguvu. Hakuniuliza, na uhamisho alikuwa ameshauomba. Nikapandisha sauti. Nilikuwa na haki ya kupandisha sauti. Mama yeyote, mwenye tezi mbili nzima, angeipandisha. Yeye akatazama juu ya kabati, kwenye pakiti ya dawa. "Umemeza za mchana?" akaniuliza.

 Nilipokuwa mgonjwa, hasira yangu ilikuwa utani. Nimepona, hasira yangu ni ugonjwa. Kati ya hapo na hapo, sijui ni siku gani niliwahi kukasirika na mtu akasema, huyu mama amekasirika. Nikavaa, nikachukua bodaboda, nikaenda Ntalikwa.

Mama mkwe alikuwa uani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea kigoda kama mtu anayeweka yai. Tukakaa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mkamwana, siku ile tulicheka. Wewe unalia na sisi tunacheka. Nalifikiria kila nikienda shambani."  Akaendelea, "Uhamisho bado haujapitishwa. Mtoto nimeshamweleza kwamba siku ile si mama yake aliyesema, ni ule uvimbe. Mwambie hivyo hivyo na wewe, atakuamini. Mkitaka, muondoke wote leo."

Binti yangu alikuwa nyuma ya nyumba anabangua karanga. Alikuwa amerefuka. Kwa macho ya fundi nikaona sare imepanda juu ya magoti, na kwamba hakuna aliyempima. Aliniamkia, akanisogezea ungo, tukabangua wote. Vidole vyangu vilikuwa dhaifu, yeye alimaliza tano nikiwa kwenye moja. Hakunisogelea, wala hakunikimbia.

"Mama," akasema baada ya muda, bila kuinua uso, "bibi anasema siku ile ulikuwa ni uvimbe uliokuwa unaongea."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, ndiyo, na tungekuwa Ipuli kabla ya jua kuzama. Nikafungua mdomo. Lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Na zile alfajiri," akasema, "ulipokuwa huwezi kulala, ukawa unakuja kukaa kwenye kitanda changu unasubiri niamke. Unanifunga vifungo vya shati la shule. Unaniambia nikimaliza darasa la saba tutakwenda Dodoma sisi wawili tu, tule zabibu mpaka tuumwe tumbo. Huyo naye alikuwa uvimbe?"

Sikuwa nakumbuka. Miezi ile ina mashimo kichwani mwangu, na zabibu zilikuwa zimeangukia kwenye shimo mojawapo. Niliutazama mkono wake mdogo umetulia juu ya ungo, unasubiri, na nikaona kwamba nikiutupia uvimbe yale maneno ya matanga, zabibu nazo zinaondoka nayo.

"Hapana," nikamwambia. "Huyo alikuwa mimi."

"Na yule mwingine?"

"Na yule mwingine. Nilikuwa naumwa sana, na ugonjwa ndio uliouinua mkono, daktari amesema hivyo na ni kweli. Lakini maneno yalikuwa yangu. Niliwahi kuwaza hivyo siku moja, kabla ya kuumwa. Nilikosea kuliwaza, na nilikosea zaidi kukutupia wewe. Hukunifunga wewe. Nisamehe."

Alibangua karanga nyingi. Nilimwacha. Nilitaka kumwomba, kumshika, kumwamuru, vyote kwa pamoja, na moyo ulikuwa unanienda mbio bila msaada wa homoni yoyote.

"Basi nitakaa kwa bibi kwanza," akasema.

Nikasema sawa. Akainuka, akajikung'uta maganda, akachukua mkoba wangu kwa sababu aliona mikono yangu haina nguvu, akaubeba mpaka barabarani.